Neno la Kumwita Anayekokota

Sisi washairi tunaokutana Jumamosi jioni katika mgahawa mmoja wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, tuna desturi moja. Kabla ya kusomeana tungo, mmoja wetu huleta kitu kisicho na jina, na wengine hukitafutia neno. Mara nyingi ni mchezo tu, na anayeshinda hunywa chai bila kulipa. Zamu yangu ilipofika, nilileta picha ya gari.

Lilikuwa gari dogo la Ford, la aina ya Model T, lile lililoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1908. Lakini halikuwa zima. Bodi ya nyuma ilikuwa imekatwa, akabaki dereva na usukani wake, na injini mbele yake. Na mahali palipokatwa palikuwa pameungwa tela la mbao. Juu ya tela walikaa watu kando ya magunia, miguu ikining'inia. Maelezo ya picha yaliliita gari hilo kwa neno ambalo Kiswahili kimelipokea kuwa trekta, nami, bila kufikiri sana, nilikuwa nimelitia neno hilo katika utenzi niliokuwa nikiuandika juu ya usafiri wa Dar es Salaam. Nikausoma ubeti wenyewe. Mzee wetu, mwalimu mstaafu ambaye ni mkubwa kuliko sote, akavua miwani akaiweka mezani.

"Mwanangu," akasema, "trekta hulima. Hili linalima nini?"

Wenzangu wakacheka. Mzee hakucheka. "Na mizani yake umeihesabu vipi? Mbili au nne?"

Sikuwa na jibu kwa swali lolote kati ya hayo. Anayelitamka neno hilo kwa ulimi wa shule husikia silabi mbili. Anayeipa kila konsonanti irabu yake husikia nne, ti-re-ki-ta, na kila mmoja ana haki yake. Kwa mtu anayepima mshororo kwa vidole, neno la namna hiyo ni mguu wa meza ulio mfupi kuliko mingine. Nilikunja karatasi yangu. Chai ya siku hiyo nililipa mwenyewe.

Nyumbani nilianza kuchunguza. Asili ya neno lile ni Kilatini, na maana ya shina lake ni kuvuta. Halina jembe ndani yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 liliweza kuitwa hivyo gari lolote linalovuta kingine, liwe shambani au barabarani. Mwaka 1914, mjini Detroit, fundi wa magari ya farasi aliyeitwa August Fruehauf alifuatwa na mfanyabiashara wa mbao, Frederick Sibley, aliyetaka kuisafirisha mashua yake kwa gari la Ford. Fruehauf akatengeneza tela, akaliunga nyuma ya Ford hiyo. Mashua ikafika ilikokwenda, Sibley akaagiza matela mengine ya kubebea mbao, na kutokana na kazi hiyo ya karakana ndogo kukazaliwa kiwanda kikubwa cha semi-trela. Huko Sweden nako, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, matrekta ya kiwandani yalipokuwa adimu, wakulima walikata magari yao ya kutembelea wakayafanya ya kuvutia mizigo. Wenyewe waliyaita EPA, kwa jina la maduka yaliyojulikana kwa bei rahisi.

Hilo la Waswidi lilinifurahisha, maana ni tabia tunayoifahamu. Hapa kwetu basi dogo liliitwa daladala, nasi husema ni kwa sababu ya dala, ile shilingi tano iliyokuwa nauli yake. Pikapu za miaka ya 1980, ambazo abiria walikaa kwenye mabenchi wakitazamana kama watu walio mezani, ziliitwa chai maharage. Vigari vidogo vya mizigo vinavyojipenyeza leo katika mitaa ya Kariakoo huitwa kirikuu. Mtaa hauiti chombo kwa ufundi wake. Hukiita kwa bei yake, au kwa namna mtu anavyokaa ndani yake.

Basi nikaona kilichotokea. Neno trekta lilitufikia kwa njia ya shamba, likaja na jembe lake la sahani, likabaki huko. Neno tela likatufikia kwa njia ya barabara. Katikati pakabaki pengo: lile gari la mbele, lisilobeba mzigo bali linalovuta tela, litaitwaje? Madereva wa malori hawakusubiri kamati ya istilahi. Waliliita kichwa. Kichwa na tela. Kichwa kimeharibika, tela limebaki Chalinze. Ni neno safi, la Kibantu, la silabi mbili za wazi kwa mshairi, na halimchanganyi mtu na kilimo.

Ningeweza kuishia hapo, na Jumamosi iliyofuata ningekunywa chai ya bure. Lakini neno kichwa lilikataa kukaa kimya. Lilinikumbusha tela moja ambalo nililijua vizuri, na ambalo halikuwa na kichwa.

Baba yangu alitoka Kisarawe akaja mjini mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakati huo soko jipya la Kariakoo lilikuwa likijengwa, lile lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lenye mapaa ya zege yaliyotanuka kama miavuli. Baba alianza kwa kubeba mizigo begani. Kisha akakokota mkokoteni wa mtu mwingine kwa malipo ya siku. Mwisho, baada ya miaka ya kuweka akiba, akapata wake mwenyewe.

Mkokoteni huo ulitengenezwa Gerezani, kwenye vibanda vya mafundi wa vyuma, ambako magari yaliyokufa hukatwakatwa na kuanza maisha mengine. Nilikuwapo siku ile, mtoto wa miaka saba, nimekatazwa kuutazama moto wa kuchomelea. Fundi alichukua habu mbili za pikapu iliyokwisha, akazichomelea kwenye chuma kinene, akatia beringi mpya na grisi, akafunga magurudumu mawili ya gari lile lile, na juu yake akapigilia sakafu ya mbao yenye mikono miwili mirefu mbele. Baba aliuzunguka mara mbili. Kisha akaingia katikati ya ile mikono miwili, akainama, akauvuta.

Sasa nitazame picha yangu. Kule Detroit waliondoa nyuma ya gari wakaacha injini. Gerezani walichukua nyuma ya gari, na mahali pa injini akaingia baba yangu.

Wapenzi wa lugha watanivumilia nikisimama kidogo kwenye kitenzi. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kuvuta. Kuvuta chenyewe ni neno pana: mtu huvuta kamba, pumzi, sigara, hata wateja. Kuburura ni kuvuta kitu kikigusa ardhi, bila kukihurumia. Kusukuma ni kuwa nyuma ya kitu. Kukokota ni jambo jingine. Ni kuvuta kizito, polepole, kwa nguvu inayotoka miguuni kupitia mgongoni, na ndani ya neno hilo muda unasikika. Hakuna anayekokota kwa dakika moja. Mtu mgonjwa huikokota miguu yake. Ukilitamka, ulimi wenyewe hukwama mara mbili kwenye kaakaa kabla ya kupita.

Kutokana na kitenzi hicho tukapata mkokoteni. Simsemei mwanaisimu juu ya asili ya mwisho wa neno hilo, lakini sikio la mshairi haliwezi kuizuia amri inayosikika humo: kokoteni! Kama wingi wa watu wanaambiwa, si mmoja. Na wingi huo ulikuwapo, maana mkokoteni uliojaa hauendi kwa mtu mmoja. Siku za likizo mtu wa nyuma nilikuwa mimi.

Safari iliyonifundisha zaidi ilikuwa ya Magomeni. Tulipakia magunia Kariakoo, tukashika Barabara ya Morogoro, tukateremka bonde la Msimbazi pale Jangwani, kisha tukapanda upande wa pili. Mtu asiyejua hudhani kupanda ndiko kugumu. Kupanda kuna maumivu, lakini kuteremka kuna hofu, kwa kuwa hapo mzigo ndio unaomsukuma mtu. Baba aliinua ile mikono juu ili mkia wa mkokoteni, uliopigiliwa kipande cha tairi, usage lami na kupunguza mwendo. Nami nikaning'inia nyuma kwa uzito wangu wote wa mtoto, nikisikia harufu ya mpira unaoungua. Hatukuwa na breki nyingine. Mabasi ya UDA yalitupita karibu sana, watu madirishani wakitutazama kutoka juu.

Nilipokuwa darasa la sita, shuleni tuligawiwa fomu ya kujaza habari za mzazi. Palikuwa na mstari mmoja: Kazi ya mzazi. Aliyekaa kulia kwangu aliandika "Karani". Aliyekaa kushoto aliandika "Fundi umeme". Nikaandika "Dereva".

Fomu ilihitaji sahihi ya nyumbani. Nilitumaini Baba angetia sahihi bila kusoma, lakini Baba alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika madarasa ya kisomo cha watu wazima, na kama wengi waliojifunza hivyo alisoma kila kitu, hata karatasi ya kufungia maandazi. Akaisoma fomu kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Dereva wa nini?"

Nikanyamaza. Kisha nikasema, "Wa mkokoteni, Baba."

Hakukasirika. Alifikiri kidogo, kama mtu anayepima kama mzigo utaingia. "Dereva," akasema, "ana kitu mbele yake kinachovuta. Mbele yangu mimi kuna nini?"

Akatia sahihi. Hakuirudia habari hiyo hadi alipofariki, na mimi sikuwahi kuiomba msamaha.

Hii ndiyo sababu picha ya Ford haikuniacha. Niliendelea kulitafuta neno, lakini nilijua sasa kwamba sitafuti jina la gari.

Nilianza na jina la mahali penyewe, kwa kuwa sisi wa Kariakoo tunakaa ndani ya neno lenye historia ya kubeba. Wengi wenu mnalijua: Kariakoo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, waliokuwa na kambi hapa baada ya Waingereza kuuteka mji mnamo Septemba 1916. Nairobi wana Kariokor yao, ya asili hiyo hiyo. Jina hilo kwa Kiingereza lina herufi ambazo hazitamkwi. Waswahili wakalichukua, wakalinyoosha, wakazipa silabi zote irabu zake: Ka-ri-a-ko-o. Mizani tano. Hesabuni na mkokoteni: m-ko-ko-te-ni. Tano.

Kwa nini jeshi lenye magari lilihitaji wapagazi? Hapo ndipo picha yangu inapoingia tena, maana magari yalikuwapo, na miongoni mwake zile zile Ford ndogo, zilizopendwa kwa sababu zilikuwa nyepesi. Lakini mvua ziligeuza njia kuwa tope na magari yakazama. Farasi, nyumbu na ng'ombe waliletwa kwa maelfu, na mbung'o akawamaliza. Kila kilichoshindwa kuvuta kilipoondoka, aliyebaki ni mtu. Waingereza na Wajerumani, pande zote mbili, wakawakamata na kuwaandikisha watu wa nchi hizi wabebe chakula, risasi na majeruhi. Kwa kumbukumbu rasmi za Waingereza peke yao, waliokufa miongoni mwa wapagazi wao ni zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, na wanahistoria huiona idadi hiyo kuwa pungufu.

Hata pale palipokuwa na magurudumu, injini ilikuwa watu. Manowari ya Wajerumani iliyoitwa Königsberg ilipozamishwa katika delta ya Rufiji mnamo Julai 1915, mizinga yake 10 iliopolewa, ikakokotwa na mamia ya watu kwa njia ya nchi kavu hadi Dar es Salaam, na katika karakana za mji huu ikatengenezewa magari ya magurudumu ili ikokotwe tena, na watu tena, kwenye medani za mbali. Mwaka huo huo, upande wa pili, Waingereza walikuwa wakipitisha mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, katika milima ya Kongo, kuzipeleka Ziwa Tanganyika. Walileta mashine mbili za mvuke za kuzivuta. Hizo hasa zilikuwa matrekta kwa maana ile ya kwanza ya neno: za kuvuta, si za kulima. Lakini mashine za mvuke hunywa maji, na maji yalikuwa mbali. Basi wanawake wa vijiji vya njiani wakayabeba vichwani, wakaipelekea mashine. Chombo kilicholetwa ili kimpumzishe mbebaji kilihitaji mbebaji ili kitembee.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu, niliweka kitabu chini nikatoka kutembea.

Ukitoka Mnazi Mmoja na kwenda kwa miguu upande wa bandarini, utaifikia Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Askari mmoja, bunduki mkononi, ameinama kama anayekwenda mbele. Maandishi yake yanawakumbuka pia wapagazi, yakiwaita miguu na mikono ya jeshi. Sanamu ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Yetu imempa mpagazi maneno, haikumpa mwili. Nilisimama pale hadi jua lilipoanza kuchoma, nikiwaza kwamba huku Kariakoo ni kinyume chake: miili imejaa tele, maneno ndiyo machache.

Maana hebu tuyahesabu. Mpagazi, kutokana na kupagaa, yaani kubeba mzigo. Na shina hilo hilo ndilo limetupa kupagawa, kwa mtu aliyepandwa na pepo, kana kwamba wazee waliona mzigo na pepo vyote hukaa juu ya mtu na kumwendesha. Lakini neno hilo limebaki vitabuni na katika historia ya misafara. Hamali limetoka kwa Waarabu, na linanukia bandari. Kuli limekuja na meli, na lina dharau ndani yake. Na yule wa mkokoteni? Tunamwita msukuma mkokoteni, hata akiwa yuko mbele anavuta. Au tunafupisha zaidi. Mara ngapi nimesikia, pale Mtaa wa Mkunguni, mwenye duka akipaza sauti: "Wewe mkokoteni, njoo!" Chombo kimemmeza mwenyewe.

Siku iliyofuata niliichukua picha nikaenda nayo Mkunguni. Kijana mmoja alikuwa amekaa kwenye mikono ya mkokoteni wake, kivulini, akila wali kwenye mfuko wa plastiki. Pembeni yake maguta ya injini yalipita yakipiga honi, yamebeba mabelo hadi juu ya kichwa cha dereva.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi. Naomba unisaidie jambo. Hiki ungekiitaje?"

Akafuta mkono kwenye suruali, akaishika picha kwa ncha za vidole. "Hapa mbele kichwa, hapa nyuma tela. Kama semi, ila kadogo." Akaitazama tena. "Na hawa waliokaa juu ni utingo au abiria?"

"Nadhani abiria."

"Wamekula raha."

"Na huu wako?" nikauliza. "Kichwa kiko wapi?"

Akanitazama kuona kama namdhihaki. Alipoona siyo, akatabasamu. "Kichwa ni mimi, mzee. Dizeli ndiyo hii," akainua mfuko wa wali.

Nilimuuliza kama guta za injini hazitamwondolea kazi. Akasema zimeshaondoa kazi nyingi, ila kuna vichochoro ambavyo hazipiti saa za msongamano, na kuna wenye mizigo wasioweza kulipia mafuta. "Pakishindikana wananiita," akasema. Sikumweleza habari za mbung'o na tope la mwaka 1916, lakini nilidhani angezielewa haraka kuliko mimi.

Jumamosi ikafika. Niliwaambia wenzangu kwamba kwa gari la kwenye picha sina la kuongeza juu ya madereva: liitwe kichwa, na trekta tuwaachie wakulima. Wote wakakubali. Kisha nikasema bado kuna neno ninalolitafuta, la mtu. Nilikuwa nimejaribu kulijenga kutokana na kukokota, na mkononi nilikuwa na orodha. Nilipotaja la kwanza lililofanana na kikokotoo, meza nzima iliguna, na Mzee akainua kiganja.

"Hilo limeshachukuliwa," akasema. "Na lenyewe likanichukulia."

Tulicheka, kwa kuwa kila mtu nchini anakijua kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu, na Mzee wetu ana mengi ya kusema juu yake. Lakini kicheko changu kilikatika katikati. Mstaafu hulalamika juu ya kikokotoo kwa sababu kuna kitu cha kukokotoa. Baba alikokota kwa miaka zaidi ya 20, na siku aliyoacha hapakuwa na hesabu yoyote.

Aliacha mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mgongo ulikataa. Asubuhi moja aliinama kati ya ile mikono miwili, na hakuweza kuinuka na mzigo. Wakati huo mimi nilikuwa nimepata nafasi katika chuo cha ualimu, na nyumbani hapakuwa na fedha za nauli, godoro, sanduku na mahitaji mengine. Wiki ile Baba aliuza mkokoteni. Aliniletea fedha zimefungwa katika kitambaa, hakusema neno. Na mimi, ambaye leo najidai kuwa mtu wa maneno, sikuwa na neno. Nilisema tu, "Asante, Baba," kama mtu aliyepewa maji.

Katika ajira za heshima, fedha anayopewa mtu mwisho wa utumishi wake tunaiita kiinua mgongo. Nimeliandika neno hilo mara nyingi katika barua za maombi za walimu wenzangu bila kulisikia. Siku ile mezani nililisikia. Mgongo wa Baba haukuinuliwa. Kiinua mgongo chake kilikuwa ule mkokoteni, na alinipa mimi.

Niliwasimulia wenzangu yote hayo, pamoja na habari ya fomu ya shule, ambayo sikuwahi kumsimulia mtu. Hakuna aliyejaribu kunifariji, nami nawashukuru kwa hilo. Baada ya kimya kidogo Mzee akauliza, kwa sauti ile ile ya kusahihisha, "Katika orodha yako, la mwisho ni lipi?"

"Mkokotaji," nikasema. "Si neno la kubuni. Sarufi imelikubali siku zote. Ni vile tu hatulitumii."

"Hatulitumii kwa sababu gani?"

"Nadhani kwa sababu ukilitumia, inabidi umtazame mtu."

Mzee akarudisha miwani machoni. "Mizani ngapi?"

"Tano. Sawa na mkokoteni. Sawa na Kariakoo."

"Basi utenzi wako una nafasi ya mizani tatu tu kila mshororo. Tupe."

Nilikuwa nimeshauandika usiku, badala ya ule ubeti wa trekta. Mshororo wa kwanza ulikuwa ni jibu la fomu, limechelewa kwa miaka zaidi ya 40, na halikuhitaji ufundi wowote. Nikausoma:

Baba ni mkokotaji.

Mzee alihesabu kwa vidole juu ya meza, polepole, mkono mmoja kisha wa pili, hadi nane. Kisha akageuka akamwita mhudumu, akaagiza chai ya watu wote, na kusema hiyo atailipia yeye.